Shaba ya Mexico na kikombe cha Val Barker: jina la Philip Waruinge liandikweje kwenye kibao cha heshima

Chama cha ndondi au kaunti ikiamua kuwaenzi mabondia wake wa ridhaa wa zamani, kazi karibu kila mara huanza kwa karatasi yenye safu tatu: jina, mwaka, medali. Wa dhahabu juu, wa fedha katikati, wa shaba chini, na wasio na medali hawamo. Karatasi hiyo hupendwa kwa sababu haina ubishi, na hakuna atakayelalamika kwamba mjomba wa mwenyekiti amepenyezwa. Lakini iweke Nakuru, umwingize humo Philip Waruinge, bondia wa Kenya, na safu zote tatu zinaanza kusema uongo.

Waruinge alipigana Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, katika uzani wa feather, yaani kilo 57. Kinachotushughulisha hapa ni Mexico. Alifika nusu fainali, akakutana na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani, mbele ya watu wake. Majaji watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Roldán akaenda fainali dhidi ya Mmarekani Al Robinson, naye Robinson akaondolewa ulingoni raundi ya 2 kwa kosa la kumpiga mwenzake kwa kichwa. Ndivyo dhahabu ya feather ya mwaka ule ilivyopatikana. Waruinge akabaki na shaba, pamoja na Mbulgaria Ivan Mihailov aliyeshindwa kwenye nusu fainali nyingine. Kisha michezo ikielekea kufungwa, shirikisho la ndondi la kimataifa likampa Waruinge, mtu wa shaba, kikombe cha Val Barker, kinachotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano, uzani wowote.

Kwa hiyo tuna mtu ambaye orodha ya medali inamweka ngazi ya tatu ya uzani wake, na waliokaa kando ya ulingo siku zote wanamweka wa kwanza wa mashindano mazima. Mwandishi wa kibao cha heshima afanye nini? Wengi huchagua moja kati ya njia mbili mbaya: ama huandika "shaba" na kunyamaza, ama huandika "bingwa wa kweli wa 1968" na kumpora Roldán kwa kalamu. Zote mbili zinatokana na kutoelewa karatasi ya majaji.

Tuanze na hesabu ya 3-2, maana hapo ndipo wengi huteleza. Wakati ule pambano la ridhaa lilikuwa raundi 3 za dakika 3, na mapumziko ya dakika 1. Majaji watano walikaa kuzunguka ulingo bila kusemezana. Kila raundi jaji alimpa aliyezidi pointi 20, na mwenzake pungufu kidogo. Mwisho kila jaji alijumlisha karatasi yake mwenyewe na kutaja mshindi mmoja. Akikuta wamelingana, hakuruhusiwa kutangaza sare: alimtaja aliyeanzisha mashambulizi zaidi au aliyekuwa na mtindo bora, wakilingana hapo, aliyejilinda vizuri zaidi. Matokeo ya pambano yalikuwa ni idadi ya majaji. Jumla ya pointi haikuhusika.

Tazama maana yake kwa mfano wa kubuni, si karatasi halisi ya siku ile. Tuseme majaji wawili wamempa bondia wa kona nyekundu 60-57, kwa sababu wameona ametawala kila raundi. Watatu wamempa wa kona ya buluu 60-59, tofauti ya pointi moja tu. Ukijumlisha, nyekundu ana 60+60+59+59+59, yaani 297. Buluu ana 57+57+60+60+60, yaani 294. Mwenye pointi chache ndiye anayenyanyuliwa mkono, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Hii haimaanishi ndivyo ilivyokuwa kwa Waruinge na Roldán. Maana yake ni kwamba "3-2" peke yake haikuambii kama pambano lilikuwa la kubanana au la upande mmoja. Anayeandika wasifu wa bondia na kusema "alishindwa kwa tofauti ndogo" kwa kuwa ameona 3-2, ameandika asichokijua.

Na shaba ya ndondi ina tabia yake. Katika kandanda na michezo mingi, mtu hupata nafasi ya tatu kwa kushinda mchezo wa mwisho. Katika ndondi wote wawili walioshindwa nusu fainali hupewa shaba bila kupigana tena, na sababu ni ya kiafya: aliyeangushwa kwa nokauti hafai kurudishwa ulingoni baada ya siku mbili kutafuta nafasi ya tatu, kwani kanuni humsimamisha wiki kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa shaba ameshindwa mara moja tu, sawasawa na mtu wa fedha, na sawasawa na aliyetolewa siku ya kwanza. Tofauti yao ni siku waliyokutana na aliyewashinda, na siku hiyo huamuliwa na kura ya kupanga wapinzani. Bondia wa pili kwa ubora anaweza kupangwa na wa kwanza raundi ya ufunguzi akarudi nyumbani bila chochote. Kwenye mbio, saa ingembakizia ushahidi. Kwenye ndondi habaki na kitu isipokuwa waliomwona.

Ndiyo maana kikombe kama cha Val Barker kipo. Jina ni la Mwingereza aliyekuwa bondia wa ridhaa na kiongozi wa mchezo huo, na kilitolewa mara ya kwanza Berlin 1936 kwa Mmarekani Louis Laurie wa uzani wa fly, naye akiwa na shaba. Orodha inayofuata imejaa wenye dhahabu: Dick McTaggart wa Uingereza 1956, Nino Benvenuti wa Italia 1960, Teófilo Stevenson wa Kuba 1972. Waliopewa bila dhahabu ni watatu tu: Laurie, Waruinge, na Roy Jones Jr. wa Marekani, aliyenyimwa dhahabu Seoul 1988 kwa 3-2 dhidi ya Park Si-hun, mwenyeji. Kisa cha Jones kilipigiwa kelele dunia nzima na kusaidia kuleta hesabu ya pointi kwa kompyuta. Cha Waruinge hukumbukwa Nakuru na kwa wapenzi wachache wa ndondi. Lakini ukiviweka bega kwa bega, vinafanana mno: mgeni anashindwa kwa kura moja mikononi mwa mwenyeji, kisha anapewa kikombe cha ufundi. Ni rahisi kukiita kikombe hicho radhi. Sisi tungesema ni jibu la swali lingine. Majaji wa nusu fainali waliulizwa: nani kashinda dakika hizi 9? Walioteua mshindi wa kikombe waliulizwa: katika wiki hizi mbili, nani kaonyesha ndondi ilivyo? Majibu yanaweza kutofautiana bila upande mmoja kuwa umekosea, na kikombe hakikubatilisha matokeo. Roldán alibaki bingwa, na ni haki yake.

Hapo ndipo kamati ya mkoa ina cha kujifunza. Orodha ya heshima inahitaji maswali yasiyochanganywa: fulani alishinda nini, alikuwa na ubora gani kwa macho ya wanaoujua mchezo, na aliuachia nini. La kwanza hujibiwa kwa kumbukumbu za matokeo. La pili hujibiwa na jopo, kwa majina na saini. La tatu ndilo la makocha na wahudumu, tutalifikia. Ukiyapika kwenye sufuria moja, lenye kelele kubwa humeza mengine.

Sasa makosa yanayotokea mtu akikimbilia kuchonga kibao. La kawaida kabisa ni "Mwafrika wa kwanza kutwaa kikombe cha Val Barker". Sivyo. George Hunter wa Afrika Kusini alikitwaa London 1948, mzungu, ndiyo, lakini wa Afrika. Ukitaka kusema Waruinge ni Mwafrika mweusi wa kwanza, sema hivyo kwa maneno hayo, na kibao hakitakuaibisha. Kosa la pili ni "bingwa wa Olimpiki", linalotumiwa kiholela kwa kila aliyepanda ndege kwenda Olimpiki. Dhahabu ya Olimpiki ya ndondi ya Kenya ni moja tu, ya Robert Wangila, uzani wa welter, Seoul 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya 2.

Kosa la tatu ni la jina. Katika kumbukumbu mbalimbali utamkuta kama Waruinge na kama Waruingi, na baada ya kwenda Japani mwaka 1973 kupigana ndondi za kulipwa, kama Waruinge Nakayama. Anayetafuta kwa tahajia moja hupata nusu ya maisha yake na kudhani nyingine haipo. Vivyo hivyo kwa mabondia wengi wa miaka ya 60 na 70: jina la ubatizo limetangulia hapa, la baba limetangulia pale, na la utani ulingoni limeingia kwenye rekodi kama la ukoo. Dawa yake ni ya kazi ya mikono: kabla ya kuanza kutafuta, andika tahajia zote unazoweza kufikiria, kisha thibitisha kwa uzani, mwaka na mpinzani kuwa ni mtu yuleyule. Jina linaweza kugongana. Jina, kilo na mpinzani pamoja, ni shida kugongana.

La nne ni kuchanganya ridhaa na kulipwa. Mwaka 1976 Nakayama aliwania mikanda ya dunia ya WBC (Baraza la Ndondi la Dunia) mara mbili: Aprili dhidi ya Rigoberto Riasco wa Panama, Novemba dhidi ya Carlos Zárate wa Mexico, na akashindwa zote. Mtu anayemwandika kwenye orodha ya ridhaa na kuweka hayo mapambano anamshusha bila sababu, anayeyaficha anadanganya. Orodha ya ridhaa iishie siku alipotia saini mkataba wa kulipwa, na ya kulipwa, ikiwa mkoa unataka, iwe ukurasa mwingine wenye kanuni zake. Ni ndondi mbili tofauti: raundi tofauti, kuhesabu tofauti, hata kustaafu ni tofauti.

Munich 1972 inahitaji mstari wake kwa sababu inakata hadithi ya "mwenye bahati mbaya" ambayo watu hupenda kumvika. Nusu fainali alimshinda Clemente Rojas wa Kolombia 3-2. Fainali akashindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovyeti, 3-2 tena. Hesabu ileile ilimpa na ilimnyima ndani ya mashindano mamoja. Anayeilaani ya fainali aikumbuke na ya nusu fainali.

Swali la nani ana haki ya kumwenzi bondia ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwa Waruinge ni rahisi, Nakuru ndiyo iliyomlea, na ukumbi wa huko unaoitwa Madison Square Garden ni nyumba ya ndondi hadi leo. Lakini mabondia wengi wa Kenya walipigania timu za polisi, magereza, jeshi au reli. Mtu amezaliwa Kisumu, amejifunza ndondi Nakuru akiwa na miaka 14, ameajiriwa Nairobi, na rekodi zote zinamtaja kwa jina la idara yake. Ongeza kwamba nyaraka za 1968 zinazungumzia Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao kwa katiba ya 2010 ulipisha kaunti kadhaa. Bila kanuni, kaunti tatu zitamgombania akiwa na medali na hakuna itakayomtambua akiwa hana. Kanuni tunayoiona yenye mashiko ni ya ukumbi wa kwanza: mkoa uliomfundisha hadi pambano lake la kwanza lililoandikwa kwenye kadi ya chama ndio wenye dai kuu, na wengine wamtaje kwa walichofanya nao. Mahali pa kuzaliwa paandikwe, lakini pasitoe dai.

Tumefika kwa makocha, na hapa rekodi ya Mexico inanyamaza kabisa. Jedwali la matokeo lina bondia, nchi, mpinzani, raundi na majaji. Kocha hayumo. Fikiria alichofanya: siku hiyo amezungusha bendeji laini isiyozidi mita 2.5 kwa sentimita 5 kila mkono, akijua mahali ambapo fundo la kidole gumba huuma. Pambano zima na mapumziko ni dakika 11, na kwa kanuni za ridhaa za zamani watu wa kona hawakuruhusiwa kusema kitu raundi ikiendelea. Kocha alikuwa na dakika 2 tu za kuzungumza kihalali, na kati ya hizo nusu huenda kwenye maji, sponji na kumwacha mtu ashushe pumzi. Kila kingine alikifanya miaka kadhaa nyuma, kwenye ukumbi wenye mfuko mmoja wa mazoezi na watoto arobaini.

Kumpima kocha kwa medali za wanafunzi wake kuna tatizo moja kubwa: kocha wa timu ya taifa hupokea bondia aliyekwisha pikwa. Aliyempika yuko mtaani, na kwenye picha ya uwanja wa ndege hayupo. Njia inayofaa ni kurudi nyuma: muulize kila bondia anayeenziwa, au jamaa zake, maswali mawili tu. Nani alikufunga bendeji siku ya pambano lako la kwanza? Nani alikuambia uache kupigana, na ulikuwa na miaka mingapi? Jina likijitokeza kwa mabondia watatu wasiofahamiana, mnaye mtu wa kuchunguza. Swali la pili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa kuwa kocha anayemtoa kijana ulingoni mapema amemkinga na madhara ambayo hayaonekani kwenye kadi yoyote.

Wahudumu wengine ni mshika saa, daktari wa kando ya ulingo, katibu aliyejaza kadi za mabondia, na mwenye funguo za ukumbi. Kwa hawa usitafute mafanikio, tafuta miaka. Miaka 15 ya kufungua mlango saa kumi na moja jioni ni mchango kamili.

Kuhusu kamati yenyewe tuwe wafupi. Watu watano au saba, idadi witiri, angalau wawili wasiwe wa klabu yoyote. Anayependekezwa, au mwenye ndugu anayependekezwa, atoke chumbani na muhtasari uonyeshe alitoka. Kila dai la matokeo liwe na ushahidi wa vyanzo viwili visivyonukuliana: gazeti la siku zile na kadi ya chama, kwa mfano, au picha yenye maandishi nyuma na orodha rasmi ya mashindano. Magazeti mawili yaliyochapisha taarifa moja ya shirika la habari ni ushahidi mmoja. Wakumbukwe kwanza walio hai, na kati yao wazee na wagonjwa. Kamati zinazopanga kwa ukubwa wa medali huishia kukabidhi vyeti kwa wajane.

Siku ya kutoa heshima ina mitego ambayo waandaaji wa sherehe za kawaida hawaijui. Bondia mstaafu anaweza kuwa na matatizo ya kumbukumbu, ya kutamka au ya mikono kutetemeka, kutokana na mapigo ya miaka mingi. Usimpe kipaza sauti ghafla akahutubie. Mpe habari ya siku hiyo wiki mbili mapema, kwa yeye na mtu wa nyumbani. Gari limfuate mlangoni badala ya kumpa nauli. Mtu wake akae naye kiti cha pili, si nyuma ya hema. Jina lake liitwe ndani ya saa ya kwanza. Spika za mziki zisiwe karibu naye. Na yule mshereheshaji atakayetaka kumtania kwa kumrushia ngumi za kuchezea, aambiwe mapema asithubutu.

Zawadi nayo huzua malalamiko. Hundi kubwa ya plastiki hupendeza kwenye picha na huumiza baadaye fedha zisipoingia. Kama fedha zipo, ziingizwe kwenye akaunti au simu ya mhusika kabla ya sherehe. Kama ni kidogo, zinunue kitu cha kudumu. Nchini Kenya mchango wa bima ya afya ya SHA kwa asiyeajiriwa una kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kwa wazee wengi waliopigana ridhaa, ambayo haikuwalipa, mwaka mmoja wa bima una faida kuliko kikombe cha bati kinachofanana na cha mashindano ya kijiji.

Turudi kwenye kibao cha Waruinge. Fundi wa kuchonga hutoza kwa herufi, na nafasi haizidi mistari saba hivi. Tungeandika:

PHILIP WARUINGE (pia Waruingi)
Ndondi za ridhaa, uzani wa feather
Dhahabu, Jumuiya ya Madola: Kingston 1966, Edinburgh 1970
Shaba, Olimpiki: Mexico 1968
Kikombe cha Val Barker cha ufundi bora: Mexico 1968
Fedha, Olimpiki: Munich 1972

Shaba na kikombe vimewekwa kwenye mistari miwili kwa makusudi, mwaka mmoja, mji mmoja, bila "lakini" katikati. Hakuna neno la kumlaumu Roldán wala la kuwatetea majaji. Msomaji atakayesimama pale akashangaa atauliza mwenyewe. Mstari wa saba tungeuacha wazi, umepigwa msasa tayari, kwa jina la aliyemfunza kwanza, na usichongwe hadi majibu ya lile swali la bendeji yawe yamekusanywa na kulinganishwa.